Goti Lenye Bawaba

Nianze na upumbavu wenyewe, ndio tumalizane nao. Nililala kifudifudi juu ya madawati mawili yaliyounganishwa, katika darasa tupu, saa ya chakula cha mchana, nikamwambia Ondieki ashike kifundo cha mguu wangu wa kulia na kuusukuma mpaka kisigino kiguse tako. Ondieki ni rafiki yangu na ana uzito wa gunia la mahindi ambalo panya hawajalifikia. Momanyi, ambaye ni mwepesi lakini ana makalio ya mifupa mitupu, nikampa kazi ya kunikalia mgongoni nisije nikaruka.

"Usiache hata nikipiga mayowe," nikamwambia Ondieki. "Ukisikia mayowe, jua dawa inaingia."

"Makori, una uhakika?"

"Wewe sukuma, msee. Goti ni langu."

Hapo nilidanganya. Goti langu, lile nililozaliwa nalo, lilikuwa limeshatolewa miezi kadhaa nyuma pamoja na kipande cha mfupa wa paja. Lililokuwa ndani ni la chuma. Na Ondieki, ambaye hajawahi kumtii mwalimu hata mmoja tangu darasa la kwanza, siku hiyo aliamua kutii.

Nitafika kwenye sauti iliyotoka. Lakini ukiisikia sasa hutaelewa kwa nini kijana mwenye akili zake, ingawa walimu wangu wanalibishania hilo, aliomba kuvunjwa. Na kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki, goti lako limevimba, na kila mtu anakwambia ni mpira tu, basi soma polepole. Foleni ni ndefu. Naijua.

Ilianza na maumivu madogo juu kidogo ya goti, msimu wa mvua za vuli, nikiwa kidato cha pili. Nilidhani ni mpira. Kila mtu alidhani ni mpira, kwa sababu uwanja wa shule yetu uko kwenye mteremko, na ukicheza upande wa chini unaukimbiza mpira mpaka kwenye majani chai ya watu. Lakini maumivu ya mpira hulala ukilala. Haya yalikuwa yanaamka mimi nikilala. Kisha kikatokea kivimbe, kigumu, chenye joto, kama kiazi kilichotolewa kwenye jivu. Nikakipa jina: Junior. Nikiingia darasani nawaambia wenzangu, "Msimkanyage Junior," nao wanacheka, nami nacheka, na Junior anakua.

Magokoro, yaani nyanya yangu mzaa baba, alitaka nikandwe na mtu anayejua mifupa kijijini. Mama alitaka maji moto na chumvi. Baba, anayefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha chai kule Itumbe, alitaka niache mpira. Kila mmoja alipata alichotaka, na Junior hakumsikiliza hata mmoja. Nikasema amerithi masikio yangu. (Kukandwa kule, nilikuja kuambiwa, ndilo jambo ambalo uvimbe wa mfupa haustahili kufanyiwa kamwe. Daktari alilisema kwa upole. Magokoro hadi leo hapendi kukumbushwa.)

Kule hospitali ya Nyamache, tulipokwenda kupigwa picha ya kwanza, daktari alikuwa kijana na alikuwa anacheka. Nilikuwa nimemwambia ampige Junior upande wake mzuri. Akaishika picha, akaielekeza dirishani, bado anatabasamu. Tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaondoka. Hakunitazama mimi tena. Alimtazama Mama.

"Mama, umekuja na nani?"

"Na huyu."

"Hakuna mtu mzima mwingine?"

Nimewahi kuogopa nyoka, nimewahi kumwogopa naibu wa mwalimu mkuu, nimewahi kumwogopa fahali wa jirani. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoliogopa swali lile.

Hospitali kubwa tuliyotumwa iko mwendo wa nusu siku kutoka kwetu, na ina mahali pengi pa kusubiri kuliko pa kutibiwa. Nilipajua pote. Kuna benchi la kutolewa damu, ambapo watu bado wanazungumzia mvua. Kuna benchi la picha, ambapo wanazungumzia watoto wao. Na kuna benchi la mwisho wa korido, karibu na mlango wa kijani, ambapo watu hawazungumzi. Hapo ndipo tuliposubiri baada ya kukatwa kipande kidogo cha Junior na kukipeleka kupimwa. Nilimnong'onezea Mama kwamba ukimya ule ungemfaa mwalimu wetu wa zamu. Alikuwa anakunja ncha ya leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Mlango ulipofunguliwa, daktari alitamka jina refu la Kiingereza.

"Kwetu inaitwaje?" Mama akauliza.

"Saratani ya mfupa, mama."

Mama akakunja leso yake mara ya mwisho, akaiweka kwenye mkoba, akasema, "Basi tuanze."

Dripu ya kwanza ya dawa niliwekewa wakati watu kwetu wanapanda mahindi. Ya pili, mahindi yalikuwa yananifika kifundoni. Niliondoka nyumbani na nywele, nikarudi na kichwa kinachong'aa kama bakuli. Ya tatu, mahindi yalikuwa kiunoni na mimi nilikuwa nimepungua mpaka kaptura ya shule inahitaji kamba. Mdomo ulijaa vidonda, hata chinsaga, mboga ninayoweza kuila mazishini na kuomba nyingine, ikawa inaunguza ulimi. Mama alinilisha uji kwa kijiko, mimi na ndevu zangu tatu. Nikamwambia sasa bado kunibeba mgongoni. Mama huwa hacheki na mimi. Ni shemasi katika kanisa letu la Wasabato, na amewahi kuniambia kwamba mdomo wangu utafika mbinguni siku moja baada yangu, kama utafika.

Baada ya dripu hizo daktari wa mifupa akatuita sote watatu, Baba akiwa ameomba ruhusa kazini.

"Kuna njia mbili," akasema. "Tuukate mguu juu ya goti. Au tutoe sehemu ya mfupa pamoja na goti, tuweke la chuma. Tutatazama picha mpya kwanza. Lakini mnielewe. La chuma likivunjika, au wadudu wa maradhi wakiingia, hakuna njia ya tatu. Mguu huu una nafasi moja."

Baba alizipeleka habari nyumbani kwa Magokoro. Sasa, Magokoro anaamini kiungo cha mtu hakiachwi ugenini. Hata kidole. Kinarudi, kinazikwa katika shamba la kwao, kinamngoja mwenyewe. Nilipofika mapumzikoni nilikuta amefyeka mahali nyuma ya migomba. Palikuwa padogo, pamenyooka, udongo mwekundu umepinduliwa vizuri. Nilipapima kwa macho. Pangetosha kutoka unyayo mpaka pajani.

"Magokoro, hapa unapanda nini?"

"Bado sijaamua."

"Ni kaburi la mguu?"

"Mwana one, mwanangu, mdomo wako huo!"

Lakini hakukataa. Chakula cha jioni nikakifanyia mzaha. Nikasema nitahudhuria mazishi nikiwa mfiwa na marehemu kwa pamoja. Mguu wa kushoto utasoma wasifu wa mwenzake, maana umemjua tangu tumboni. Baba akasukuma sahani, akatoka nje. Mama akafunga Biblia. Ndipo nikajua kwamba utani una mpaka, na kwetu mpaka wenyewe uko nyuma ya migomba.

Picha mpya ikasema tujaribu chuma.

Asubuhi ya upasuaji waliniweka kwenye kiti cha magurudumu na kuniacha koridoni. Mama aliniambia anakwenda kunawa uso. Alipokawia nikajisukuma kumfuata. Alikuwa kwenye bomba lililo mwisho wa wodi, ameyaacha maji yakitiririka ili asisikike, na alikuwa anaomba kwa Ekegusii, lugha anayoitumia kwa Mungu akiwa hana muda wa adabu.

"Bwana, nirudishie huyu mtoto na miguu yake miwili. Ukinirudishia, tutapiga magoti mbele ya kanisa lako siku ya shukrani, mimi na yeye. Umenisikia, Bwana. Mimi na yeye."

Nikajirudisha nyuma taratibu. Gurudumu likalia. Hakugeuka, nami sikumwambia kwamba nimesikia.

Uelewe uzito wa maneno hayo. Kanisani kwetu, wakati wa ombi kuu, kila mtu hupiga magoti kwenye saruji, wazee kwa watoto, vigogo kwa wachuuzi. Anayebaki ameketi huonekana kama jino la mwisho mdomoni. Na nadhiri ya shemasi si kitu cha kurudisha kama sahani ya jirani.

Nilipozinduka, sikuomba kwanza. Nilitazama mwisho wa blanketi. Vilima viwili. Nikafumba macho, nikafumbua, nikavitazama tena.

"Mama, yote ipo?"

"Yote."

"Hata wa kushoto? Wasije wakawa wamekosea."

"Lala," akasema.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Okumu, mzaliwa wa upande wa ziwa, fundi cherehani aliyeshona nguo sokoni Daraja Mbili mpaka goti likalika. Naye aliwekewa la chuma juma lile lile. Hitaji lake lilikuwa moja: goti likunje vya kutosha kukanyagia cherehani.

"Kijana wa Kisii," alianza siku ya kwanza ya mazoezi, "nyinyi mmebarikiwa ndizi. Kwenye magoti leo utaona."

"Mzee, wewe goti lako lina umri wa babu yangu."

"La leo lina siku tatu. Twende."

Aliyetufanyisha mazoezi alikuwa Madam Kerubo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu aliyekua akikamua ng'ombe. Alikuwa na kipimo cha plastiki, kama rula mbili zilizounganishwa kwa msumari. Analaza moja pajani, nyingine muundini, anasoma digrii. Mzee Okumu alinishinda. Alikuwa anaketi ukingoni mwa kitanda na kuuvuta mguu nyuma, chini ya kitanda, kama mtoto anayeficha alichoiba. Mimi nilisukuma mpaka jasho likaloweka shuka, na goti likafika mahali, likagoma. Kesho yake likagoma pale pale.

"Madam, mbona la mzee linakunja na langu halitaki?"

"Hayo si magoti ya aina moja."

Usimwambie mgonjwa jambo kama hilo kisha ukaondoka. Nililala nikiwaza kwamba Baba amedanganywa. Wamenipa goti la mtumba, lililokataliwa na mtu mwingine, kama viatu vya Daraja Mbili. Mzee Okumu alinisikia nikigeuka-geuka, akasema, "Kijana, usiniloge goti."

Daktari alipopita asubuhi nikamuuliza. Hakunipa somo refu. Alisema mzee aliondolewa uso tu wa mfupa uliolika. Kamba zake za kulishikilia goti zimebaki, ndiyo maana chuma chake kinateleza na kujiviringisha karibu kama goti la zamani. Mimi nilitolewa mfupa wenyewe pamoja na kamba, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa humo. Goti lisilo na kamba lingeyumba kila upande.

"Kwa hiyo lako lina bawaba," akasema. "Bawaba ndiyo inayofanya kazi ya kamba." Akaenda kwenye mlango wa wodi, akaufungua mpaka chuma kikagusa chuma. "Mlango huu mwisho wake ni hapa. Ukiendelea kusukuma huufungui zaidi. Unang'oa bawaba."

"Na kupiga magoti?"

Nilikuwa nimetania juma zima, kwa hiyo akadhani natania. Akacheka. "Wewe omba ukiwa umekaa. Mungu si askari." Akasogea kitanda kinachofuata. Mama alikuwa ameenda kuanika nguo. Hakusikia swali wala jibu.

Tulirudi nyumbani, nikamalizia dripu zilizobaki, na kiangazi kikapita. Kitu cha kwanza kilichonishinda ni choo. Choo chetu ni cha shimo, na mtu asiyeweza kuchuchumaa mbele ya choo cha shimo ni kama mgeni aliyefika karamuni mikono imefungwa. Baba, ambaye tangu picha ya Nyamache alikuwa haniangalii usoni, alikaa nje siku mbili akipiga misumari. Alichonga kiti cha mbao chenye tundu na mikono ya kushikilia, akakipiga msasa mpaka kikawa laini kuliko kiti cha mzee wa kanisa. Akakibeba chooni. Nilipoketi mara ya kwanza nililia, na nashukuru mlango ulikuwa umefungwa.

Kila asubuhi Mama aliweka taulo chini ya kisigino changu, akashika ncha zake, akavuta. Mimi naimba pambio kwa sauti ya mbuzi, yeye anavuta. Kufikia wakati majani chai yalipochipua tena, kipimo cha Madam Kerubo kilisoma digrii tisini. Pembe mraba. Ndilo jibu la hesabu la kwanza nililowahi kulipata.

"Tutaongeza zaidi kidogo," Madam Kerubo akasema.

Mama alisikia "zaidi." "Kidogo" likaanguka njiani. Jioni hiyo akaniambia mzee wa kanisa ametupa Sabato ya mwisho wa mwezi kwa ajili ya shukrani, kisha akanionyesha alichokuwa anashona: kimto kidogo, amekikata kutoka sweta yangu ya zamani ya shule, amekijaza vitambaa. "Cha kuweka chini ya goti lako," akasema. "Saruji ni baridi."

Ningemwambia nini? Nilijifungia chumbani nikajaribu. Goti la kushoto lilishuka. La kulia lilifika kwenye pembe mraba yake likasimama, nami nikaanguka kando kama mgomba uliokatwa. Nikajaribu tena. Nikaanguka tena. Nikamtazama Junior, yaani mahali alipokuwa, kovu refu linalong'aa. Mungu alikuwa amerudisha miguu miwili. Aliyebaki na deni la magoti ni mimi. Nikamtafuta Ondieki.

Haya, sauti. Haikuwa ya mfupa. Ilikuwa kama mtu anararua gunia jipya chini ya maji. Kisha kitu cha moto kikamwagika ndani ya mguu, taratibu, kikienda pande zote. Momanyi akaruka kutoka mgongoni mwangu. Ondieki alikuwa ameachilia mguu na ameshika mikono yake mwenyewe.

"Makori, dawa imeingia?" akauliza.

"Nipelekeni nyumbani."

Nilimwambia Mama nimeteleza. Jua lilikuwa halijatua na goti lilikuwa limeshafutika. Paja na muundi vilikuwa kitu kimoja, kigumu, chenye joto, kama kiazi kutoka kwenye jivu. Nililijua joto lile. Junior alikuwa amerudi. Mama aliweka kiganja cha mkono juu yake, akakitoa haraka kama aliyeshika sufuria. Alikwenda nyuma ya mlango, ambapo mkoba wa hospitali ulikuwa bado unaning'inia tangu mwaka uliotangulia, akaushusha.

Tulipoondoka alfajiri Magokoro hakuwa mlangoni kutuaga. Nilimwona nilipoingizwa kwenye gari la jirani. Alikuwa nyuma ya migomba na jembe lake. Alikuwa anapalilia pale mahali.

Benchi la mlango wa kijani lilikuwa limepakwa rangi mpya. Mbele yangu aliketi mtu wa makamo mwenye mikongojo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alinitazama goti kwa muda mrefu.

"Wewe bado unao," akasema.

"Bado."

"Wangu pia ulikuwa na chuma." Akasema hivyo tu, kama anayekujulisha kwamba alisoma shule uliyosoma wewe. Kisha jina lake likaitwa.

Nilikuwa na homa. Mdomo wangu, ambao haujawahi kuniangusha, ulikuwa mkavu kabisa. Nilipolazwa mezani daktari akachukua sindano ndefu. "Ikitoka ya manjano, yenye ukungu, ni wadudu," akasema, na hakumalizia, kwa sababu sote tulikumbuka njia mbili na kwamba hakuna ya tatu. Akachoma. Mama alisimama upande wa kichwa changu. Bomba la sindano likakaa tupu, likakaa tupu, kisha likaanza kujaa.

Nyekundu. Sijawahi kuipenda damu yangu kama siku ile.

"Hii si ya kuteleza," daktari akasema. "Nani alikusukuma?"

Nikasema yote, madawati, Ondieki, makalio ya Momanyi. Hakuna aliyecheka. Nikalazwa kungoja kama kuna wadudu watakaoota kwenye ile damu. Siku hizo Mama alilala kwenye kiti na hakuniongelesha isipokuwa kuniambia geuka, kunywa, meza. Wadudu hawakuota. Picha ikaonyesha bawaba imekaa mahali pake. Kilichoraruka ni msuli na makovu yaliyokuwa ndani.

"Hiyo ni bahati," daktari akasema. "Usiiite akili. Na sasa nikujibu swali ulilowahi kuniuliza, nilidhani unatania. Hapana. Goti hili halikutengenezwa lipigiwe magoti. Si leo, si ukipona zaidi. Nilipaswa kukwambia mimi, ukiwa na mama yako."

Nimelipia. Walinifunga mguu umenyooka mpaka msuli ukashikana, na uliposhikana ulishikana kwa hasira. Leo naanza upya na taulo, na kipimo kinasoma sabini na kitu. Zile tisini sijaziona tena, na Madam Kerubo haahidi. Ngazi za shule napanda kwa mguu mmoja, wa pili unafuata kama mdogo wangu asiyetaka kwenda dukani. Mzee Okumu alinitumia salamu kwamba anakanyaga cherehani na atanishonea suruali. Kila baada ya muda narudi kupigwa picha ya kifua, kwa kuwa ugonjwa huu una tabia ya kuhamia huko, na kila mara mwenye kuishika picha namtazama macho, simtazami mdomo. Mpaka sasa macho yamebaki.

Kwa hiyo wewe wa benchini, nikuachie hili. Usimuulize wa kitanda cha jirani lake linakunja mpaka wapi. Muulize daktari lako limetengenezwa liishie wapi. Ukimuuliza, weka utani chini ya kiti, na mtu wako wa nyumbani awe ameketi hapo asikie.

Tuliporudi, Magokoro alikuwa amepanda pale nyuma ya migomba. Chinsaga. Ilikuwa imeshatoa majani. Nilimuuliza kama ameamua, akaniambia ninyamaze nile.

Ni asubuhi iliyofuata ndipo Mama aliponiuliza. Aliniletea uji, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kimto cha sweta kikiwa mapajani mwake.

"Kwa nini ulifanya vile?"

Nikamwambia. Bomba, maji yanayotiririka, gurudumu lililolia. Nikamwambia nilisikia nadhiri yake na kwamba goti halifiki. Nikamwambia nilijaribu chumbani nikaanguka. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alikigeuza kile kimto, akatoa uzi uliokuwa umening'inia, akaukata kwa meno. Na Mama, ambaye sijawahi kumsikia akitania maishani mwangu, akasema, nami naandika kama alivyosema:

"Mimi na wewe tuna magoti manne. Moja likigoma, matatu yanabaki. Mungu anajua hesabu kuliko wewe. Na hiki kimto nitakitumia mimi, saruji ile inaumiza. Kunywa uji."